Walokole na deni la upendo

Neno "mlokole" halihitaji kufafanuliwa kwa msikilizaji wa Kiswahili, awe Bukoba au Bujumbura, Nairobi au London. Kila mmoja amewahi kulisikia, na kila mmoja anafahamu kuwa maana yake hubadilika kulingana na sauti ya anayelitamka. Mwenye duka anaposema kuwa fulani ni mlokole, huenda ana maana kwamba mtu huyo anaweza kukopeshwa, au hata kuachiwa funguo za sanduku la fedha. Jirani mwingine akilitamka neno hilo hilo, humkusudia mtu anayejiona mwema kuliko wenzake, mwepesi wa kuhukumu na mzito wa kusaidia.

Neno hilo lina asili yake katika lugha ya Kiganda, ambako "balokole" ni watu waliookolewa. Wenyewe hawakujipa jina hilo kwa kujisifu. Walibandikwa na majirani zao katika miaka ya 1930, na kwa dhihaka. Wao walizoea zaidi kuitana "ndugu". Hata hivyo, jina la kubandikwa ndilo lililodumu, na ndani yake imehifadhiwa historia ya vuguvugu la Kikristo linalojulikana kama Uamsho wa Afrika Mashariki. Ni historia ya watu waliojiuliza kwa nini dini yao ilikuwa na waumini wengi na sifa haba. Ni historia pia ya nchi ambako vuguvugu hilo lilichipuka, na ambako miaka 60 baadaye Wakristo waliwaua Wakristo wenzao ndani ya makanisa.

Mganga na mkuu wa wauguzi

Gahini ni kilima kilichoko mashariki ya Rwanda, kando ya ziwa Muhazi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Rwanda ilikuwa chini ya utawala wa Ubelgiji, na katika miaka ya 1920 wamishonari wa Kianglikana kutoka Uingereza walijenga kituo na hospitali katika kilima hicho. Mwaka 1928 aliwasili hapo daktari kijana aliyesomea Cambridge, Joe Church. Alikuta njaa kali ikiitesa nchi, na hospitali yake ikazidiwa na wagonjwa na wenye njaa.

Mwezi Septemba mwaka 1929, akiwa amechoka mwili na roho, daktari huyo alikwenda Kampala kupumzika. Katika kilima cha Namirembe alikutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi, mtumishi katika idara ya afya. Wote wawili walikuwa na fadhaa moja. Kanisa la Uganda lilikuwa limeadhimisha miaka 50 ya kuwasili kwa wamishonari wa kwanza wa mwaka 1877, na lilijivunia mashahidi wake waliochomwa moto katika enzi ya Kabaka Mwanga. Lakini kizazi kilichofuata kilikuwa kimeufanya ubatizo kuwa njia ya kupata elimu, uchifu na ardhi. Watu walikuwa na majina ya Kikristo, huku ulevi, hongo na unyanyasaji vikiendelea kama kawaida. Church na Nsibambi walikaa pamoja wakiyasoma Maandiko, na kila mmoja akarudi kwake akiwa na hakika kuwa marekebisho lazima yaanze kwake mwenyewe.

Inafaa kuzingatia kwamba mkutano huo kati ya Mzungu na Mwafrika, wakiwa wamekaa kama wanafunzi wawili sawa, haukuwa jambo la kawaida katika zama za ukoloni. Hata Gahini kwenyewe hali haikuwa hivyo. Wauguzi wa Kiafrika walinung'unika juu ya madaktari wa Kizungu, nao Wazungu waliwaona wauguzi kuwa wavivu. Kiongozi wa wauguzi, Yosiya Kinuka, alitaka kuiacha kazi. Alipotumwa Kampala kumtembelea Nsibambi, alimweleza malalamiko yake yote kuhusu hospitali na watu wake. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamjibu kwamba chanzo cha hali hiyo ni dhambi iliyomo ndani ya moyo wake Kinuka mwenyewe, na kwamba wale anaowaongoza wanamfuata yeye. Neno hilo lilimchoma. Akiwa njiani kurudi Rwanda, Kinuka aliamua kubadilika, na aliporejea hospitalini aliwaomba msamaha wale aliokuwa akiwalaumu. Baadaye alikuja kuwa mchungaji na mmoja wa nguzo za Uamsho.

Kisa hicho ni kidogo, lakini kinabeba mbegu ya yote yaliyofuata. Mlalamikaji aliambiwa ajitazame kwanza.

Kurudisha kilichochukuliwa

Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa maombi uliofanyika Gahini, watu walianza kusimama mmoja baada ya mwingine na kuungama makosa yao hadharani. Kuanzia hapo moto ulisambaa. Nchini Rwanda na katika jimbo la Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, wafuasi waliitwa "abaka", yaani wanaowaka. Mwaka 1935 mkutano mkubwa ulifanyika Kabale. Mwezi Januari mwaka 1936, Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na mwalimu wa Gahini, alifariki dunia mjini Kampala akiwa bado kijana, siku chache tu baada ya kuandaa hoja alizokusudia kuziwasilisha mbele ya sinodi ya kanisa. Aliuliza kwa nini kanisa limepoa, na kwa nini watu wanaojulikana wazi kuishi katika uovu wanaendelea kukaribishwa kwenye Meza ya Bwana. Wito wake wa "Zukuka", yaani Amka, ulibebwa na wenzake kote nchini. Mwaka 1937 ujumbe kutoka Rwanda na Uganda ulifika Kabete nchini Kenya. Baadaye Uamsho uliingia Burundi, mashariki ya Kongo, kusini mwa Sudan na Tanganyika.

Ni nini hasa kilichowafanya majirani wawatazame watu hawa kwa jicho jipya? Hayakuwa mahubiri, kwa sababu mahubiri yalikuwepo tangu zamani. Kilichowashangaza watu ni kurudishwa kwa mali. Aliyeungama kuwa aliiba hakuishia kulia kanisani, bali alitakiwa aende kwa mwenye mali. Majembe, mbuzi, ng'ombe na fedha zilirejeshwa kwa wenyewe. Wenye maduka wa Kihindi walipokea malipo ya bidhaa ambazo hawakuwa na habari kuwa ziliibwa. Wafanyakazi walirudisha dawa na vifaa vya hospitali, na makarani wakaenda mbele ya wakuu wao kukiri udanganyifu. Mume alimwomba radhi mkewe mbele ya watu, jambo ambalo katika jamii nyingi za eneo hilo lilihesabiwa kuwa aibu kwa mwanamume.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi kisiasa. Baadhi ya wamishonari wa Kizungu walisimama mbele ya Waafrika na kukiri kiburi chao cha rangi. Katika nchi ambamo Mzungu hakutazamiwa kukosea, sembuse kuomba radhi, tendo hilo lilikuwa na uzito usiopimika. Ndugu waliliita jambo hilo "kutembea nuruni", kwa maana kwamba hapakuwa na siri kati yao, wala mkubwa aliyesamehewa wajibu wa kukiri. Wahutu, Watutsi, Waganda, Wakiga na Waingereza walikula sahani moja na kulala nyumba moja. Wengi waliokuwa nje ya kundi hilo walilitazama wakasema kuwa hapa pana jambo.

Lawama za majirani

Hata hivyo, si kila aliyewatazama walokole aliona upendo. Mwaka 1941, katika chuo cha wachungaji cha Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa kwa kukaidi amri ya mkuu wa chuo iliyowakataza kukusanyika kwa maombi na mahubiri alfajiri. Miongoni mwao alikuwemo William Nagenda, aliyekuja kuwa mhubiri mashuhuri katika mabara kadhaa. Kwa wafuasi wa Uamsho, wanafunzi hao waliteswa kwa ajili ya kweli. Kwa wakuu wa kanisa, walikuwa vijana wenye majivuno waliowaona walimu wao kuwa wapotevu.

Lawama hizo zilikuwa na msingi. Mtu anayezoea kuungama dhambi zake hadharani anaweza kwa urahisi kuteleza na kuanza kuungama dhambi za wenzake. Majina ya watu wasiokuwepo yalitajwa katika shuhuda. Wake na waume waliaibishwa. Waliokataa kuungama kwa namna ile ile iliyozoeleka walitazamwa kama wasio ndugu. Wazee wa kanisa waliokuwa wametumikia kwa miaka mingi waliambiwa na vijana kwamba bado hawajaokoka.

Mfano ulio wazi zaidi ulitokea Nyanza, magharibi mwa Kenya. Miongoni mwa Wajaluo, watu wa Uamsho waliitwa Joremo, watu wa damu, kwa jinsi walivyozungumzia sana damu ya Yesu. Waanglikana wenzao waliochoshwa na hukumu zao walijikusanya chini ya uongozi wa mchungaji Matthew Ajuoga, na mwishoni mwa miaka ya 1950 wakajitenga na kuunda kanisa lao wenyewe. Kundi hilo lilijulikana kwa jina la Johera, yaani watu wa upendo. Katika uchaguzi wa jina hilo mlikuwa na shtaka zima. Vuguvugu lililoanza kwa kusikitikia ukosefu wa upendo ndani ya kanisa lilikuwa sasa linatuhumiwa kosa hilo hilo na watu wa kanisa moja nalo.

Nchini Uganda mfarakano wa aina hiyo ulizuilika kwa wakati ule, kwa sababu askofu alitafuta suluhu, na wengi wa ndugu wakachagua kubaki. Walirudi katika kanuni yao ya kwanza kwamba anayewalaumu wengine ajitazame.

Kati ya kiapo na bunduki

Kipimo kigumu zaidi kilikuja nchini Kenya. Tarehe 20 Oktoba mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari kufuatia vita vya Mau Mau. Wakikuyu walikuwa wamenyang'anywa ardhi yao na walowezi, na kwa wengi wao kanisa lilikuwa upande wa mnyang'anyi. Palikuwa na msemo uliozagaa kuwa hakuna tofauti kati ya padri na mlowezi. Hiyo ndiyo sifa ambayo Ukristo ulikuwa umejipatia machoni pa watu waliopoteza mashamba yao.

Ndugu wa Uamsho katika wilaya za Murang'a na Kiambu walijikuta katikati ya moto. Walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema kuwa wamekwisha kuinywa damu ya Mwanakondoo na hawawezi kuinywa nyingine. Kwa kukataa huko, baadhi yao walipigwa, na wengine waliuawa. Lakini wengi wao walikataa pia kubeba silaha za serikali na kujiunga na kikosi cha walinzi kilichoitwa Home Guard, hatua iliyowafanya watiliwe shaka na watawala. Hoja yao ilikuwa moja katika pande zote mbili, nayo ni kwamba hawawezi kumhubiria mtu kesho ikiwa leo wanakusudia kumuua.

Msimamo huo haukumridhisha kila mmoja, na hadi leo unajadiliwa. Wapo wanaosema kuwa kutochukua upande katika vita vya kudai ardhi kulikuwa sawa na kumwachia mkoloni ushindi. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini ni vigumu pia kusahau kuwa katika miaka ile ya mauaji, wapo watu waliojulikana kwamba ukibisha hodi kwao usiku, uwe unatoka msituni au kambini, hutakuta mtu mwenye panga mkononi. Mmoja wa viongozi wao, Obadiah Kariuki, ambaye mkewe na mmoja wa wake za Jomo Kenyatta walikuwa dada, aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1955, katika ibada iliyofanyika Namirembe, kilima kile kile ambapo Church na Nsibambi walikuwa wamekutana.

Kumpenda anayekuwinda

Nchini Uganda mtihani ulikuja katika utawala wa Idi Amin, aliyetwaa madaraka mwaka 1971. Askofu wa Kigezi, Festo Kivengere, alikuwa mtoto wa Uamsho. Watanzania wa rika la wazee walimfahamu tangu zamani, kwani alifundisha Dodoma kwa miaka mingi kabla ya kurejea kwao. Askofu Mkuu wake, Janani Luwum, naye aliokoka mwaka 1948 kupitia mahubiri ya ndugu wa Uamsho katika nchi ya Waacholi.

Mwezi Februari mwaka 1977, baada ya maaskofu kumwandikia Rais wakipinga mauaji na ukamataji wa kiholela, Luwum alikamatwa. Tarehe 16 mwezi huo aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilidai kuwa walikufa katika ajali ya gari. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walikimbia usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda.

Baada ya hapo Kivengere alisimulia jambo ambalo wakimbizi wengi hawapendi kulikiri. Akiwa London siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka ule, aligundua kwamba moyo wake ulikuwa umejaa chuki dhidi ya Amin, na kwamba chuki hiyo ilikuwa ikimla yeye, si Amin. Mwaka huo huo alitoa kitabu kwa lugha ya Kiingereza kiitwacho "I Love Idi Amin", yaani Nampenda Idi Amin. Kichwa hicho kiliwakera watu waliofiwa, na si vigumu kuelewa sababu. Kivengere hakuficha maovu ya utawala ule. Aliyatangaza duniani kote na kuwasaidia wakimbizi wengi. Alichokikataa ni kumruhusu muuaji amgeuze kuwa mfano wake.

Luwum leo anakumbukwa mbali na kwao. Tangu mwaka 1998, sanamu yake imesimama juu ya mlango wa magharibi wa kanisa la Westminster Abbey mjini London, pamoja na za mashahidi wengine tisa wa karne ya 20. Nchini Uganda, tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko ya kitaifa tangu mwaka 2015.

Rwanda, swali lisilokwepeka

Laiti historia hii ingeishia hapo, ingekuwa ni habari ya ushindi. Lakini haiwezi kuishia hapo, kwa sababu Gahini iko Rwanda.

Mwaka 1991 takriban Wanyarwanda 9 katika kila 10 walijitambulisha kuwa Wakristo, wengi wao wakiwa Wakatoliki. Kuanzia tarehe 7 Aprili mwaka 1994, kwa muda wa siku 100 hivi, Watutsi waliuawa kwa halaiki pamoja na Wahutu waliokataa kuunga mkono mauaji hayo. Makadirio ya idadi ya waliouawa huanzia watu laki 8 hadi zaidi ya milioni moja. Watu walikimbilia makanisani, kama walivyofanya katika machafuko ya miaka ya nyuma, wakiamini kuwa hapo hawataguswa. Katika makanisa ya Ntarama, Nyamata, Nyange na mengine mengi, makimbilio hayo yaligeuka kuwa mitego.

Viongozi wa dini hawakuwa watazamaji tu. Kwa miaka mingi Askofu Mkuu Mkatoliki wa Kigali alikuwa mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala. Mwezi Juni mwaka 1994, mauaji yakiendelea, viongozi wawili wa juu wa Kanisa la Anglikana, kanisa lililouzaa Uamsho, walizungumza na waandishi wa habari mjini Nairobi, na badala ya kuwalaani wauaji wakawatupia lawama wapiganaji wa RPF. Baadaye mahakama ya kimataifa iliyokuwa mjini Arusha ilimtia hatiani mchungaji wa Kiadventista, Elizaphan Ntakirutimana, mwaka 2003. Mwaka 2008 mahakama hiyo ilimhukumu kifungo cha maisha padri Athanase Seromba, katika kesi ya kanisa la Nyange, lililobomolewa kwa tingatinga likiwa na watu wasiopungua 1,500 ndani yake.

Ilikuwaje nchi ya Uamsho ikafikia hapo? Wachambuzi wengi, wakiwemo watu wa Uamsho wenyewe, wametoa jibu linaloumiza. Ndugu walijua kuungama wizi wa jembe, ulevi na uzinzi. Lakini walijifunza kuiita siasa mambo ya dunia, wakaiacha. Kitambulisho kilichoandikwa kabila la mtu, shule iliyowagawa watoto kwa kabila, mauaji na kufukuzwa kwa Watutsi kulikoanza mwaka 1959, hayo hayakuwa na nafasi katika orodha ya dhambi za kuungamwa. Mtu aliweza kutembea nuruni juu ya kila kitu isipokuwa kile kilichokuja kuua.

Si wote walioshindwa. Mwezi Januari mwaka 1964, wimbi la mwanzo la mauaji lilipoikumba Nyamata, mchungaji wa Kianglikana Yona Kanamuzeyi, aliyewahudumia Watutsi waliohamishiwa huko, alichukuliwa na wanajeshi na kuuawa. Mwezi Aprili mwaka 1994 mjini Gisenyi, mtawa wa kilei wa Kikatoliki, Félicité Niyitegeka, aliyekuwa Mhutu, aliwaficha Watutsi na kuwasaidia kuvuka mpaka kuelekea Goma. Kaka yake, aliyekuwa afisa wa jeshi, alimtaka aokoe maisha yake. Alikataa kuwaacha aliowaficha, akauawa pamoja nao. Na Nyange, mahali pale pale kanisa lilipobomolewa, wanafunzi wa shule ya sekondari waliamriwa na wavamizi mwezi Machi mwaka 1997 wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walijibu kuwa wao ni Wanyarwanda, na baadhi yao wakalipia jibu hilo kwa maisha yao.

Kujifunza upya kuungama

Mwezi Desemba mwaka 1996, kundi la Wakristo wa Kihutu, Kitutsi na wa nchi za Magharibi lilikutana katika mji wa Detmold, Ujerumani. Walitoa tamko ambalo kila upande uliungama kwa zamu. Wahutu waliomba radhi kwa mauaji ya halaiki. Watutsi waliomba radhi kwa visasi na dharau. Watu wa Magharibi waliomba radhi kwa mgawanyiko waliousaidia kuota mizizi tangu walipowasili. Tamko hilo lilipingwa vikali na baadhi ya Wanyarwanda waliouliza ni nani aliyemtuma yeyote kuomba msamaha kwa niaba ya wengine, na iwapo makosa ya pande zote yanaweza kuwekwa kwenye mzani mmoja. Maswali hayo yalikuwa ya haki. Lakini kwa mara ya kwanza, dhambi iliyokuwa imeachwa nje ya orodha ilitajwa kwa jina.

Makanisa yenyewe yalichukua muda mrefu. Mwezi Novemba mwaka 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha kwa waumini wao walioshiriki mauaji. Serikali ikajibu kuwa hiyo haikutosha, kwa kuwa ilizungumzia watu binafsi tu na si kanisa lenyewe. Tarehe 20 Machi mwaka 2017, Papa Francis alipokutana na Rais Paul Kagame mjini Vatican, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na watu wake, wakiwemo mapadri na watawa walioingia katika chuki na ukatili. Rwanda haikuwa peke yake katika somo hilo. Nchini Kenya, Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikiri mwezi Februari mwaka 2008 kuwa viongozi wake walipendelea pande za kisiasa na za kikabila, wiki chache baada ya watu kuteketezwa kwa moto ndani ya kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret.

Matamko hutolewa na wakubwa, lakini sifa ya dini huamuliwa mahali pengine. Katika parokia ya Mushaka, kusini magharibi mwa Rwanda, padri Ubald Rugirangoga, aliyempoteza mama yake na ndugu wengi katika mauaji ya mwaka 1994, alianzisha utaratibu usiokuwa wa kawaida. Walioshiriki mauaji na kutoka gerezani hawakurudishwa kwenye Meza ya Bwana kwa sababu tu walimaliza kifungo. Walipitia miezi sita ya mafundisho, na walitakiwa kwenda kwa waliowakosea kuomba msamaha. Nao waliokosewa walisaidiwa kwa upande wao, bila kushurutishwa kusamehe. Padri huyo mwenyewe alimsamehe mtu aliyehusika na kifo cha mama yake, na akamlipia ada ya shule mtoto wa mtu huyo. Alifariki dunia nchini Marekani mwezi Januari mwaka 2021.

Msikilizaji atatambua kuwa hayo hayana tofauti kubwa na yaliyotokea Gahini katika miaka ya 1930. Aliyekosa hakuruhusiwa kuishia kanisani. Alitakiwa kwenda nyumbani kwa mwenye mali, na safari hii kilichochukuliwa hakikuwa jembe wala mbuzi, bali kitu ambacho hakirudishiki.

Leo salamu ya "Bwana asifiwe", iliyoenezwa kwa kiasi kikubwa na ndugu wa Uamsho, husikika katika ibada za Kiswahili kuanzia Dodoma na Goma hadi miji ya Uingereza na Marekani. Wanaosalimiana hivyo wamerithi neno "mlokole" likiwa na maana zake zote mbili, ya mtu wa kuaminiwa na ya mtu wa kuepukwa. Kanisa la Nyamata halitumiki tena kwa ibada. Limekuwa mahali pa kumbukumbu, na mwezi Septemba mwaka 2023 liliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Nguo za waliouawa zimelundikwa juu ya mabenchi waliyokuwa wakikalia wakati wa misa. Wageni huingia kimya, wa dini zote na wasio na dini, na hakuna anayewahubiria.